Alikimbia kilomita 10 kwa ajili ya mamake, akashindwa na hatua 20 za kuingia hemani

DADA yangu alikimbia kilomita 10 bila kusimama hata mara moja. Alipofika mwisho alivalishwa medali, akapewa chupa ya maji na ndizi, kisha akaomba apigwe picha akiwa ametupa mgongo. Nyuma ya tishati yake alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino mzito: Kwa Mama.

Hatua kama ishirini kutoka pale tulipokuwa tumesimama, kulikuwa na hema jeupe. Bango lililoning'inia mlangoni lilisema uchunguzi wa saratani ulikuwa ukifanywa humo bila malipo. Ndani mlikuwa na wauguzi watatu. Nje kulikuwa na viti vya plastiki, vingi vikiwa vitupu.

"Twende basi," nikamwambia.

"Wewe enda. Mimi nitakungoja hapa," akajibu, huku ameinama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Nilimtazama nikashangaa. Huyu ni mtu ambaye kwa wiki nane alikuwa akiamka saa kumi na moja alfajiri kufanya mazoezi. Mtu aliyekimbia kwenye mvua na matope bila kulalamika. Kumbe hatua ishirini tu ndizo zingemshinda.

Ninaandika kisa hiki (kwa ruhusa yake, na alinicheka sana kabla ya kukubali) kwa sababu najua hayuko peke yake. Vijana wa mjini siku hizi tunapenda mbio za hisani. Tunajisajili, tunavaa tishati za rangi moja, tunajaza picha mitandaoni. Jumatatu tunarudi kazini miguu ikiuma. Jasho likishakauka, ni nini huwa kimebadilika?

Siri ya miezi tisa

Wacha nianze mwanzo. Huyu ninayemwita dada ni binti wa mama mdogo, yaani mdogo wake mamangu. Sasa ana umri wa miaka 24, nami nina 27. Tulilelewa nyumba moja mtaani Umoja, kwa hivyo neno binamu halijawahi kutumika kwetu.

Mama mdogo huuza nguo za watoto. Miaka mitatu iliyopita, mwezi wa Machi, alihisi kitu kigumu kwenye titi la kushoto alipokuwa akioga. Kilikuwa kidogo kama punje ya mahindi na hakikuwa na uchungu wowote. Akanyamaza.

Mwezi wa Mei kulikuwa na karo. Julai biashara ilikuwa imelala. Septemba mwenye nyumba alipandisha kodi. Kila mwezi ulikuja na sababu yake ya kutoenda hospitali. Sisi hatukujua lolote hadi Desemba, tulipoenda ushago kwa Krismasi, naye akashindwa kuinua mkono ili ateremshe sufuria kutoka kwenye rafu.

Mamangu alimshika mkono, akamwingiza chumbani na kufunga mlango. Walipotoka, wote wawili macho yalikuwa mekundu.

"Nilijua ni nini, dada. Ndiyo maana sikuenda," ndivyo mama mdogo alivyomwambia mamangu.

Nimeyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi. Siku zote nilidhani watu huchelewa kwa sababu hawajui. Mama mdogo alijua. Alichoogopa ni kuambiwa. Tena alijua gharama, na alijua jinsi jirani aliyeugua kabla yake alivyosemwa mtaani kana kwamba ameshazikwa.

Madaktari walisema saratani ilikuwa imefika hatua ya tatu. Kukafuata upasuaji, kisha tibakemia, kisha tiba ya miale. Ukoo wote uliingizwa kwenye kundi la WhatsApp la mchango. Shamba la babu, nusu ekari, lilibaki kidogo tu liuzwe.

Leo mama mdogo yuko hai na amerudi sokoni. Lakini kila akienda kliniki huwa anasema jambo moja: angekuja mwezi wa Machi, safari ingekuwa fupi.

Nyumba nyingi, kisa kimoja

Ukiuliza pale mtaani kwenu, hutakosa nyumba yenye kisa kama hiki. Kwa makadirio ya mwaka 2020 ya shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), Kenya hupata wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya 42,000 kwa mwaka, na zaidi ya 27,000 hufariki. Ukigawanya, ni watu zaidi ya 70 kila siku. Hao wanajaza matatu tano za viti kumi na vinne.

Zinazoongoza ni pamoja na saratani ya matiti, ya lango la uzazi, ya tezi dume na ya umio, ile njia ya chakula.

Walio na umri wangu wataikumbuka Julai ya mwaka 2019. Mwezi ulianza kwa kifo cha Bob Collymore, aliyekuwa mkuu wa Safaricom, Julai 1. Julai 26 akafariki mbunge wa Kibra, Ken Okoth, akiwa na umri wa miaka 41. Siku tatu baadaye akafuata Gavana wa Bomet, Joyce Laboso. Wote watatu ni saratani. Kwa wiki kadhaa nchi nzima ilizungumza kuhusu ugonjwa huu, kwenye matatu, kanisani na redioni. Kisha tukanyamaza tena, kama mama mdogo.

Mbio hizi, zikifanywa vizuri, kazi yake ni kuvunja kimya hicho. Sikulijua hilo nilipoanza.

Mbio za kwanza ziliniacha na maswali

Nikiri kwamba hizi hazikuwa mbio zangu za kwanza. Mwaka mmoja kabla ya mama mdogo kuugua, nilijisajili kwa mbio zingine za hisani, ambazo sitazitaja. Nilikimbia kwa sababu vijana wa ofisini walikuwa wakienda na tishati ilikuwa kali.

Tulilipa pesa, tukakimbia, muziki ukapigwa, tukaenda nyama choma. Mpaka leo sijawahi kusikia pesa zetu zilimsaidia nani. Nilituma ujumbe mara mbili kuuliza, sikujibiwa. Sisemi ziliibwa. Nasema tu sikuambiwa, na mtu aliyetoa pesa yake ana haki ya kuambiwa.

Kwa hivyo dada aliponitumia bango la mbio za mwaka jana, nilimjibu kwa maswali. Pesa zinaenda kwa nani? Mwaka uliotangulia zilifanya nini? Na siku yenyewe kutakuwa na uchunguzi, au ni muziki tu?

Dada hakuniambia nisiwe na kiburi. Alipiga simu kwa waandalizi mwenyewe. Wakamtumia orodha fupi: wagonjwa waliolipiwa nauli na malazi walipokuwa wakipata tiba ya miale jijini, idadi yao na kiasi kilichotumika, bila majina. Nauli! Sikuwahi kufikiria kuwa mtu anaweza kupata matibabu na bado akayakosa kwa kuwa hana nauli ya kutoka kwao kila wiki. Nikalipa Sh1,500 siku hiyo hiyo.

Kutoka Umoja hadi Karura

Wakenya tuna sifa duniani. Ukienda ng'ambo ukasema unatoka Kenya, watadhani umezaliwa ukikimbia. Ukweli ni kwamba wengi wetu wa mjini tunachokimbilia ni matatu inayoondoka steji.

Siku ya kwanza tulikimbia kando ya Outering Road kuelekea Donholm. Baada ya dakika nne nilikuwa nimeshika kiuno. Wahudumu wa bodaboda waliokuwa wakingoja abiria wakaanza kupiga kelele: "Kipchoge! Kipchoge! Usituangushe!"

Viatu nilinunua Gikomba, mitumba safi, kwa Sh1,800. Mpango wetu ulikuwa rahisi: wiki mbili za kwanza tukimbie dakika moja na kutembea dakika mbili. Kisha tukimbie mbili, tutembee moja. Kufikia wiki ya tano tulikuwa tunamaliza kilomita tano bila kutembea. Tulipumzika siku tatu kila wiki, maana misuli nayo inataka kupona.

Jumamosi tulienda msitu wa Karura kwa mazoezi marefu. Njia za udongo hazichoshi magoti kama lami, na hewa ya mle ndani ni tofauti kabisa na moshi tuliouzoea.

Ni huko Karura ambako dada alinikumbusha jambo nililokuwa nimelisahau. Msitu huo upo leo kwa sababu Wangari Maathai na wenzake waliukingia kifua ulipokuwa unagawiwa wajenzi. Januari 1999 alishambuliwa na kupigwa hapo akijaribu kupanda miti. Hakurudi nyuma, na mwaka 2004 akatuzwa Nobeli ya Amani. Kilichokuja kumchukua, Septemba 25, 2011, ni saratani ya ovari.

Hiyo ni mojawapo ya saratani zinazojificha sana, kwa sababu dalili zake, kama tumbo kujaa gesi na kushiba upesi, mtu huzidhania ni chakula alichokula jana. Tangu siku hiyo, kila tulipokimbia chini ya miti ile nilihisi kana kwamba tumelipiwa kiingilio na mtu mwingine.

Kijana wa mguu mmoja

Wiki ya sita nilitaka kuacha. Goti liliuma, kazi ilikuwa nyingi, na mvua ilikuwa haikatiki. Dada hakunihubiria. Alinitumia tu video ya kijana mmoja wa Canada anayekimbia kwa kuruka-ruka barabarani, mguu mmoja wa kawaida, mwingine wa chuma. Jina lake Terry Fox.

Nilikuwa sijawahi kumsikia. Alikuwa na miaka 18 mwaka 1977 madaktari walipompata na saratani ya mfupa, wakaukata mguu wake wa kulia juu ya goti. Akiwa wodini aliwaona watoto wadogo wakiteseka kwa ugonjwa huo huo, na hakuwasahau. Aprili 12, 1980 alianza kukimbia kutoka jiji la St. John's, mashariki kabisa mwa Canada, akilenga kuvuka nchi nzima. Alitaka kila raia atoe dola moja kwa utafiti wa saratani.

Alikuwa akikimbia karibu kilomita 42 kwa siku. Hiyo ni marathoni nzima, kila siku, kwa mguu wa bandia. Mwanzoni watu walikuwa wachache barabarani. Alipokuwa akiendelea, miji mizima ilijitokeza kumpokea. Kampuni zilizotaka kumtumia kuuza bidhaa zao alizikatalia, akisema lengo si kumtajirisha mtu.

Septemba 1, 1980, baada ya siku 143 na kilomita 5,373, alianza kukohoa na kifua kikambana karibu na mji wa Thunder Bay. Saratani ilikuwa imeingia mapafuni. Kilomita hizo ni kama kutembea kutoka Nairobi hadi Mombasa mara kumi na moja. Alifariki Juni 28, 1981, mwezi mmoja kabla ya kutimiza miaka 23.

Kufikia Februari ya mwaka huo alikuwa ameshapata zaidi ya dola milioni 24, dola moja kwa kila raia kama alivyotaka. Septemba 1981 watu 300,000 walikimbia kwa kumbukumbu yake, na mbio zenye jina lake zimeendelea katika nchi nyingi hadi leo.

Lakini kuna sehemu ya hadithi hiyo ambayo watu hawaiweki kwenye mabango. Akiwa njiani, Terry aliambiwa mara kwa mara asimame aende kwa daktari akapimwe. Hakupenda. Alikuwa anakimbia kwa ajili ya saratani, ila kusimama ili achunguzwe kulikuwa kugumu kuliko kilomita 42. Hakuna ajuaye kama kusimama kungebadilisha lolote.

Nilipoisikia sehemu hiyo sikuitilia maanani. Nilikuja kuikumbuka mbele ya hema jeupe.

Mchango uliofungua midomo

Waandalizi walitaka kila mkimbiaji atafute angalau watu kumi wa kumchangia. Nilidhani itakuwa kazi ngumu. Mtaani kila mtu amechoka na michango: harusi, mazishi, karo, kanisa.

Nilianzia kwa mama mboga ninayenunua sukuma kwake. Alisikiliza, akatoa Sh50 kwenye kopo, kisha akashika mkono wangu. "Mwanangu, hii ni ya dada yangu mkubwa. Alienda na ile ya koo. Alikuwa anashindwa kumeza ugali, tukamwambia atafune vizuri." Nimenunua mboga hapo miaka minne. Hajawahi kulitaja jambo hilo.

Kinyozi wangu alitoa Sh200, akazima mashine na kuniuliza kwa sauti ya chini: babake anaamka usiku mara sita kwenda haja ndogo, na mkojo hautoki vizuri, hiyo inaweza kuwa nini? Nilimwambia mimi si daktari, inaweza kuwa tezi tu iliyovimba kwa uzee, inaweza kuwa kitu kingine. Ampeleke. Wateja wawili waliokuwa wakicheka kuhusu mpira wakanyamaza wakisikiliza.

Makanga wa matatu yetu alitoa Sh100 akasema mamake alipimwa lango la uzazi, akapatikana mapema, akatibiwa, na sasa yuko sawa kabisa. "Waambie hiyo pia," akaniagiza. "Watu hupenda kusema waliokufa tu."

Nilimaliza na Sh14,350. Pesa si haba. Ila kilichonishangaza ni kwamba kila aliyetoa alitoa na hadithi. Tishati ile ilikuwa imewapa ruhusa ya kuongea.

Siku ya mbio

Tulifika uwanjani kando ya barabara ya Lang'ata saa kumi na mbili asubuhi. Baridi ilikuwa kali. Kulikuwa na wanafunzi wa vyuo, akina mama wa chama wakiwa na leso viunoni, wazee, na mtoto kwenye kigari akisukumwa na babake.

Mama mdogo alikuja pia. Alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na utepe wa mwisho, kofia ya sufi kichwani, chupa ya chai mkononi, kana kwamba amekuja siku ya wazazi shuleni.

Kilomita tatu za kwanza zilikuwa raha. Ya sita kulikuwa na mlima, na hapo kila mtu alijua aliyefanya mazoezi na aliyekuja kwa picha. Mbele yangu kulikuwa na mwanamume mwenye umri wa babangu, mgongoni ameandika majina manne. Sikumuuliza. Nilikimbia nyuma yake hadi kilomita ya nane, na kila nilipotaka kutembea nilisoma yale majina.

Tulimaliza kwa saa moja na dakika kumi na sita. Kwa kasi aliyoitumia Eliud Kipchoge kule Vienna mwaka 2019, kilomita 10 ni kama dakika 28. Kwa hivyo tuseme angekuwa ameshaoga, amekunywa chai na kusoma gazeti tukifika. Haidhuru. Mama mdogo alitushangilia kana kwamba tumeshinda dhahabu.

Hatua ishirini

Na hapo ndipo tukafika pale nilipoanzia. Dada anafunga kamba ya kiatu. Foleni ya kupiga picha kwenye ukuta wa wafadhili ilikuwa imezunguka jukwaa. Foleni ya hema ilikuwa na watu watano.

"Unaogopa nini?" nikamuuliza.

Alikaa kimya kwa muda. Kisha akasema polepole: "Mimi ni mtoto wake. Vipi kama wataniambia nami ninayo?"

Sikuwa na jibu. Ningemwambia nini? Kwamba asiogope? Hata mimi mwenyewe, miaka yangu yote, sikuwa nimewahi kupimwa kitu chochote ila malaria.

Mama mdogo alikuwa ametusikia. Aliiweka chini ile chupa ya chai, akainuka kutoka kwenye kiti, akaja akamshika bintiye mkono.

"Mimi nilingoja miezi tisa," alisema. "Wewe hutangoja hata dakika tisa. Nisindikize."

Hakusema "nikusindikize". Alisema "nisindikize", kana kwamba yeye ndiye mgonjwa. Wakatembea pamoja, pole pole, hadi hemani.

Dada alikaa mle ndani kama dakika ishirini na tano. Alitoka ameshika kijikaratasi, macho yana machozi lakini anacheka. Muuguzi hakupata uvimbe wowote. Alimfundisha kujichunguza, na kumwambia kwa kuwa mama yake mzazi ameugua, azungumze na daktari kuhusu lini aanze vipimo vya picha, asingoje umri wa wengine. Akifikisha miaka 25 aanze pia kupimwa lango la uzazi.

Nami nikaingia. Nilidhani nitaambiwa saratani ni za akina mama na wazee. Muuguzi, mama wa makamo asiye na haya hata kidogo, aliniuliza kama navuta sigara, nakunywa kiasi gani, na kama ninajua kuwa saratani ya korodani huwapata zaidi wanaume vijana. Nilitaka ardhi ipasuke. Alinieleza jinsi ya kujikagua bafuni mara moja kwa mwezi na nikitoka nilikuwa nimejua jambo ambalo hakuna mwalimu, padri wala rafiki aliyewahi kuniambia.

Ukitaka kukimbia nawe

Kama bango la mbio limekupitia kwenye simu, haya ndiyo tuliyojifunza.

Uliza pesa zinaenda wapi kabla ya kulipa. Waandalizi wazuri hawakasiriki kuulizwa. Wakikupa jibu la kuzungukazunguka, tafuta mbio nyingine.

Anza mazoezi wiki nane kabla, hasa kama hujakimbia tangu shule ya upili. Ukiwa na tatizo la moyo, pumu au shinikizo la damu, muone daktari kwanza. Kutembea pia ni kushiriki. Hakuna anayekupima saa ila wewe mwenyewe.

Jua dalili za kukupeleka hospitali: uvimbe mpya popote mwilini hata kama hauumi, kutokwa damu kusiko kwa kawaida, kidonda kisichopona, kikohozi cha wiki nyingi, kushindwa kumeza, kukonda bila sababu, au mabadiliko ya choo yasiyokoma. Mara nyingi haitakuwa saratani. Lakini ni daktari wa kusema hivyo, si wewe, wala si jirani.

Kama una mdogo wako wa kike mwenye umri wa kati ya miaka 10 na 14, uliza kama amepata chanjo ya HPV. Serikali iliizindua Oktoba 2019, ni ya bure katika hospitali za umma, na inakinga dhidi ya virusi vinavyosababisha visa vingi vya saratani ya lango la uzazi.

Na siku ya mbio ukiona hema, ingia. Kama unaogopa, nenda na mtu. Hofu ikigawanywa mara mbili hubebeka.

Sharti la mwaka huu

Mwaka huu tumejisajili tena, na sasa tumekuwa watu kumi na mmoja. Kinyozi yumo, babake alipelekwa, ikapatikana ni tezi iliyovimba tu, na anatumia dawa. Makanga yumo. Mama mboga amesema yeye atatembea kilomita tano, na sukuma siku hiyo tununue kwingine.

Dada ndiye nahodha. Ameweka sharti moja kwenye kundi letu la WhatsApp, na amelibandika juu kabisa: hakuna kupiga picha na medali kabla ya kupitia hemani.

Mama mdogo naye ameshauliza kiti chake kitawekwa wapi. Tumemwambia safari hii kitakuwa mlangoni mwa hema.